Jiko la Kumngojea Tuva

Kila jioni Gunnvor alitandika kitanda ambacho hakuna aliyekilalia. Kilikuwa cha mjukuu wake, Tuva, mtoto wa miaka sita. Alikung'uta mto, akanyoosha blanketi la sufu, kisha akasimama hapo kidogo. Alimkumbuka mno. Tangu likizo ya vuli Tuva hakurudi, na sasa theluji ilikuwa imejaa bonde zima.

Simu ikalia. Alikuwa Ragnfrid, binti yake, mama wa Tuva, akipiga kutoka mjini Bergen.

“Mama, Krismasi hatuji. Mara ya mwisho Tuva alikohoa mpaka akatapika. Kifua chake hakiwezi moshi ule.”

“Moshi gani, mwanangu? Baba yako amenunua jiko jipya!”

“Ndilo hilohilo, mama.”

Gunnvor alikata simu akalia. Mumewe, Oddleiv, aliposikia alikuja juu.

“Nimenunua jiko kubwa kuliko yote dukani ili mtoto asipigwe na baridi! Ama kweli, asante ya punda ni mateke.”

Kesho yake alikuja jirani yao, Solbjørg. Kazi yake ni kufagia masizi kwenye dohani, njia za moshi, za bonde lote. Alishuka kutoka paani na ndoo yake, uso mweusi tii.

“Mzee Oddleiv, unapika lami humo ndani? Masizi yako yananata! Yakishika moto, nyumba nzima inakwenda. Hebu niambie, usiku unafanyaje?”

“Natia magogo mawili manene, nafunga tundu la hewa, linafuka mpaka asubuhi. Hata marehemu baba alifanya hivyo.”

“Na mchana?”

Gunnvor akadakia. “Mchana tunachemka! Mwenzangu anakaa na fulana, dirisha wazi, nje theluji. Akishindwa na joto, anafunga hewa tena.”

Solbjørg alicheka, akaketi.

“Basi jiko limeizidi nyumba. Moto unataka hewa. Ukiunyima, kuni haziwaki, zinafuka. Moshi huo unaziba dohani, na kila ukifungua mlango wa jiko unaingia sebuleni. Ndio unaombana Tuva kifua.”

“Mbona baba alikuwa na jiko kubwa?”

“Baba yako aliishi kwenye nyumba inayopitisha upepo. Wewe umejaza sufu ya kuzuia baridi ukutani, umeweka madirisha mapya. Joto litatokea wapi? Na sebule yenyewe ndogo. Kabla ya kununua jiko, pima chumba: urefu, upana na kimo cha dari. Mweleze muuzaji kama nyumba inashika joto, na kama milango ya vyumba vingine huwa wazi. Kisha muulize jiko linatoa joto kiasi gani, uchukue linalolingana. Dogo linalowaka vizuri ni bora kuliko kubwa linalofuka.”

Oddleiv aliitazama meza yao ndefu.

“Nililinunua kwa ajili ya nyumba iliyojaa watu,” alisema polepole. “Kama zamani, watoto wote walipokuwa hapa.”

Gunnvor alimgeukia. Kumbe hata yeye hamu ilikuwa inamla, ila hakusema.

“Mzee wangu,” Solbjørg akasema, “nyumba ikijaa, moto unaohitajika ni mdogo zaidi. Watu wenyewe ni joto.”

Jiko kubwa likapelekwa kwenye ukumbi wa kijiji. Kule dari iko juu na chumba ni kipana, likapata mahali pake. Nyumbani fundi akafunga jiko dogo, na Solbjørg akalikagua. Oddleiv akajifunza upya: kuni kavu, vipande vichache, hewa wazi. Usiku hakuacha tena magogo yakifuka. Kioo cha jiko kikabaki safi, na kwa mara ya kwanza wakauona moto wao.

Gunnvor akampigia binti yake. “Njooni usiku mmoja tu, mwanangu. Mkisikia moshi, mrudi zenu.”

Wakaja. Mkesha wa Krismasi viatu vya theluji vilijaa mlangoni, na mbavu za kondoo zikanukia mpaka uani. Baada ya kula, Tuva akapitiwa na usingizi kitandani mwake.

Gunnvor alisimama mlangoni akisikiliza. Alingoja kikohozi. Hakikuja. Mtoto alipumua taratibu, mkono juu ya blanketi la sufu.

Aliporudi sebuleni, Oddleiv alikuwa ameinama mbele ya jiko, kipande cha kuni mkononi.

“Kirudishe, baba watoto,” Gunnvor akamwambia, machozi yakimlengalenga. “Watu wamejaa.”