Harufu Kwenye Picha ya Laurenti

Ijumaa Kuu hiyo Raheli alishuka stesheni ya treni ya Doonside jua likizama. Alikuwa amefunga, hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Kama mhudumu wa wazee majumbani, alikwenda kumlisha mzee Bertrand, Mfaransa aliyefiwa na mkewe, kisha arudi kwake, kitongoji cha Mount Druitt. Ilikuwa zamu yake ya kwanza katika nyumba ile.

Alipofungua mlango kwa ufunguo aliopewa ofisini kwao, harufu ikamlaki.

Nyama. Nyama juu ya makaa, mafuta yakidondoka… tsss… tsss…

Tumbo likamnguruma. Labda jirani anachoma, akawaza. Lakini madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Jikoni, jiko lilikuwa baridi, na kwenye friji mlikuwa na supu ya mboga tu.

Akaifuata harufu kwenye korido. Mate yakamjaa. Akameza. Akameza tena. Mwisho wa korido palitundikwa picha ya kale, iliyochongwa kwenye bamba la shaba na kupigwa chapa karatasini karne nne zilizopita. Mtakatifu Laurenti, shahidi wa imani aliyechomwa hai, amelazwa juu ya chanja ya chuma. Mtu mmoja anavukuta moto. Mwingine anamgeuza kwa uma mrefu.

Harufu ilitoka hapo.

Raheli alielewa anachonusa. Tumbo lake halikujali. Akajikuta ameinama, mdomo wazi, pumzi yake ikitia ukungu kwenye kioo cha picha…

“Kila mtu huisikia,” sauti ikanong'ona nyuma yake.

Mzee Bertrand alikuwa gizani, kwenye kiti chake cha magurudumu. Akasimulia kwamba mkewe aliinunua picha ile mnadani, na tangu siku hiyo hawakuweza kula nyama tena. Wahudumu waliotangulia walitapika. Kwa nini inanuka, hakujua.

“Na wewe je?”

“Inanuka,” Raheli akasema. “Inanuka vibaya sana.”

Mzee akamtazama kidevuni. Akatoa leso, akampa.

Aibu ikamshika hadi masikioni. Alimlisha supu bila kumtazama usoni, akamlaza, akaondoka.

Nyumbani, mumewe Godfrey, naye amefunga, alimfungulia mlango. Akainamisha pua begani pake, akafumba macho.

“Mke wangu, umepitia wapi? Unanukia…”

Raheli akakimbilia bafuni, akajifungia, akavua sare, akafungulia maji. Godfrey akagonga taratibu.

“Hukunibakizia hata kipande?”

Alitaka kumjibu. Mdomo ulikuwa umemjaa mate.