Watoto Wametimia

Soko la mitumba la mji wa Embu, Ijumaa jioni, halina adabu. Unakanyagwa, unasukumwa, na ukilalamika unaambiwa nenda dukani. Ndiko Kinya alikokuwa ameinama juu ya rundo la kofia za watoto, sketi yake ya kijani imejaa vumbi, akimtafutia bintiye Linda kofia ya jua. Akaiona moja ya njano yenye ua pembeni. Alipoishika, mkono mwingine ukaishika upande wa pili.

"Hiyo ni yangu," Kinya akasema bila kuinua uso.

"Imeandikwa jina lako wapi, mrembo?"

Akainua uso. Alikuwa mwanamume mrefu, mweusi wa kung'aa, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, na tabasamu la mtu anayejua kwamba tabasamu lake linafanya kazi. Moyo wa Kinya ukaruka, na tangu baba yake Linda awakimbie ulikuwa umeapa kutoruka tena. Moyo hauna haya.

"Unataka kofia ngapi, bosi?" muuzaji akamuuliza yule mwanamume.

"Ya Wamuyu. Ya Kivuti. Ya Mbaabu. Ya Igoki..." Kwa kila jina akaweka kofia moja kando.

Kinya akacheka. "Kwani hujui kuhesabu? Kuja darasani kwangu nikufundishe. Mimi ni mwalimu wa chekechea."

"Nikikosa utanichapa?"

"Utasimama kwenye kona."

"Basi nitakosa makusudi." Akaiachia ile kofia ya njano. "Chukua, mwalimu. Lakini ivaliwe kesho ufuoni. Naitwa Muchangi. Kila Jumamosi natembeza familia za watu kando ya bwawa."

Kinya alijiambia kwamba anaenda kwa sababu ya Linda. Uongo mtupu.

Ukipita Siakago ukaendelea kuteremka mpaka joto likukabe koo, unafika kwenye bwawa la umeme. Mwaka ule mvua zilichelewa, maji yakarudi nyuma na kuacha ufuo mpana wa mchanga, na matuta ambayo watoto waliyaparamia na kuteremka kwa makalio. Ng'ambo ya matuta lilisimama Kasri, hoteli ya mawe yenye minara miwili ambayo tajiri mmoja aliianza akaitelekeza bila paa wala madirisha. Familia zilitembea hadi mahali Kasri linapoonekana vizuri, zikala chapati, zikapiga picha, zikarudi. Kuingia ndani Muchangi alikataza.

Kinya, mzaliwa wa Laare kwenye baridi na ukungu, alikishangaa kimya cha pale. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Upepo ulifika kwenye matuta ukakoma. Na watoto walipocheka wote pamoja, kicheko kimoja kilichelewa kuisha.

Lakini alikuwa anapenda, na mtu anayependa haulizi sana. Simu zilipigwa kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Aki utakonda, Muchangi!"

Jumamosi ya nne, watoto wakiwa wamepanga mstari kwenye geti la kuingilia ufuoni, Kinya alifanya anavyofanya mwalimu yeyote. Akaanza kuwagusa vichwa. "Mmoja, wawili, watatu..."

Muchangi akamfunika mdomo kwa kiganja. "Usihesabu watoto hapa!"

Wazazi wakageuka. Kinya akautoa ule mkono polepole. "Umenifunika mdomo? Mbele ya mtoto wangu?"

"Samahani, Mama Linda. Wazee wetu hawahesabu watoto. Na hapa hasa, tafadhali..."

"Unapeleka watoto wa watu kwenye maji na hujui ni wangapi?"

"Nawajua kwa majina."

"Mtoto akizama, jina litaelea?"

Kulikuwa na jambo, lilionekana hadi kwenye shingo ya Muchangi, lakini aliona haya kulisema mbele ya mwanamke msomi. Kinya akamshika Linda mkono, wakaondoka. Simu ya Muchangi ililia usiku huo, na kesho yake, na kesho kutwa, bila kupokewa. Kinya alimpenda bado, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Wiki tatu baadaye shule ilitaka mahali pa kutembeza chekechea. Kinya akachagua ufuo uleule. Kwa ukaidi, tuseme ukweli. Alitaka kuonyesha jinsi kazi inavyofanywa na mtu anayejua kuhesabu.

Na aliifanya vizuri. Kumi na wanne, Linda akiwemo, walishuka garini, kumi na wanne wakatembea ufuoni, kumi na wanne wakala mkate chini ya matuta. Saa tisa alasiri akawahesabu wakipanda, akarudia tena walipoketi. Kumi na wanne. Nyuma kabisa, dirishani, aliiona kofia ya njano ya Linda. Dereva, mzee Nyaga, akawasha gari. Mwalimu mwenzake Lenah akafunga mlango.

Simu ikalia. Muchangi. Safari hii Kinya akapokea, ili amringie.

"Nimeliona gari lenu likipita Siakago asubuhi," Muchangi akasema, pumzi juu. "Nimekupigia mara ngapi, Kinya!"

"Tulia. Nimewahesabu mara mbili. Wametimia wote."

"Usiniambie idadi. Waite majina."

"Muchangi, mambo haya ya ushirikina..."

"Nisikilize! Miaka mitatu iliyopita nilihesabu kama wewe. Walienda kumi na watano, wakarudi kumi na watano, nikafunga geti. Jioni dada yangu akaniuliza, Wamuyu wangu yuko wapi? Tulimpata asubuhi ndani ya Kasri, ameketi tu, mzima. Akasema kuna mwenzake alitaka kwenda nyumbani, akamwomba amshikie nafasi."

Kinya akaibana simu sikioni. "Na huyo uliyerudi naye?"

"Alishuka garini na wengine pale kanisani, wazazi wanapowasubiri. Hakuwa na mtu wa kumpokea. Jumamosi iliyofuata nilimsikia akicheka huko tena. Waite majina, mpenzi wangu. Nakuomba."

Akaita. Mwenda akaitika. Kiunga akaitika. Wambura, Muriuki, wote mmoja mmoja, wakiinua mikono kama walivyofundishwa. Mwisho akaita, "Linda."

Kimya. Viti vyote vilikuwa na watoto. Yule wa dirishani, mwenye kofia ya njano, hakugeuka.

"Muchangi," Kinya akanong'ona. "Si Linda."

"Usipige kelele, utawaogofya wengine. Mshike mkono, umrudishe mpaka Kasri. Mimi niko kwenye bodaboda, nakuja. Usikate simu."

Alimwambia Lenah kwamba kuna kitu kimesahaulika, Linda na yeye wanarudi mara moja. Lenah akaitikia bila kutazama. Basi Kinya akatembea juu ya mchanga mweupe wa saa tisa, jua kali, simu sikioni, na mkononi mwake mkono mdogo, baridi, mkavu, usio na uzito. Kofia ilifunika uso na Kinya hakuinama kutazama. Mara moja tu aligeuka nyuma. Mchanga ulikuwa na nyayo zake peke yake.

"Bado uko?" alimuuliza Muchangi.

"Niko. Ongea naye. Ni mtoto tu."

"Nimwite nani?"

"Sijui, Kinya. Ningelijua ningekuwa nimemwita zamani."

Kasri likakaribia, minara yake miwili ikimtazama. Kizingitini alikuwa ameketi Linda, kichwa wazi, akichora mchanga kwa kijiti. Kinya akakimbia. Alipomkumbatia mwanawe ndipo alipogundua kwamba kwenye mkono ule mwingine hakushika tena kitu. Kofia ilikuwa chini, nyuma yake.

"Mama, mbona unalia? Amesema ungekuja."

"Nani amesema?"

"Yule. Hana jina, Mama. Hakupewa. Wengine jioni wanaitwa warudi nyumbani, yeye hakuna mtu anamwita."

Muchangi akatokea kwenye matuta mbio, shati nje, kiatu kimoja mkononi. Aliwaona wote wawili, akapiga magoti palepale mchangani.

"Ningekuambia mapema," akasema. "Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka." Kinya hakutaka kudanganya. "Nisamehe."

Akakaa naye chini, Linda katikati yao. Ndani ya Kasri kitu kilisogea taratibu, kikatulia. Kilikuwa kinawasikiliza.

Muchangi akaligeukia Kasri. "Kwetu Mbeere, binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba. Mama yangu anaitwa Wambeti, na mimi sina binti. Ningempa huyu leo." Akauangalia mchanga. "Lakini mtoto hapewi jina na baba peke yake."

Ilimchukua Kinya muda kuelewa anaulizwa nini.

"Muchangi, unanichumbia hapa? Watu huchumbiana wamevaa vizuri!"

"Nimevaa kiatu kimoja."

Alitaka kucheka, ikatoka kilio. Alimpenda mwanamume huyu, hilo halikuwa swali tena. Swali lilikuwa humo ndani ya Kasri, kwenye kivuli cha mawe, na aliliogopa hadi kwenye mifupa.

"Tukizaa msichana?" akauliza.

"Atakuwa wa pili. Ataitwa jina la mama yako."

"Mama yangu wa Laare atauliza wa kwanza yuko wapi."

"Tutamwambia ukweli. Tuna mwingine, anakaa kando ya bwawa, na kila Jumamosi tunaenda kumwona."

Kinya alimtazama Linda, aliyekuwa ameshafanya urafiki na yule mtoto kuliko wao. Alikumbuka ule mkono mkavu ndani ya wake, jinsi ulivyomfuata njia yote bila kumvuta wala kubishana, ukijua unarudishwa. Akasimama, akafuta machozi kwa upindo wa leso, akampa Muchangi mkono anyanyuke.

"Nimekubali," akasema. "Yote mawili. Mwite."

Muchangi akaweka viganja mdomoni, akaita jina la mama yake kuelekea kwenye madirisha matupu, na Kinya akaita pamoja naye.

Ndani ya Kasri mtoto akaitika, na sauti yake ilikuwa ya furaha.