Makazi ya Shahidi wa Pili

YAH: KUTHIBITISHA MAKAZI YA SHAHIDI NAMBARI MBILI

Ndivyo ilivyoanza barua ya ofisi ya mirathi, na Idarusi alipoisoma barazani kwake Kariobangi alicheka mpaka jirani akachungulia. Ushahidi wa mtu asiye na makazi haupokelewi, barua ilisema, hivyo mhusika afike mwenyewe Jumatatu aeleze anakoishi. Afike! Mhusika mwenyewe hakuna aliyemjua hata jina.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka huo wa tisini na nne, Bi Mumina, mama yake Idarusi, alipokuwa mahututi, alitamka kwa kinywa chake kwamba chumba cha mbele, kimoja katika vitatu vya nyumba yake, kiwe wakfu, yatima wa madrasa wapikiwe humo. Theluthi kamili, kama sheria inavyoruhusu. Hata karani aliisifu hesabu hiyo. Lakini wasia wa mdomo unataka mashahidi wawili. Wa kwanza alikuwa Magan, mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Wa pili alikuwa mgeni wa kanzu nyeupe aliyekaa mlangoni siku zote za ugonjwa. Magan alidhani ni mjomba kutoka Mombasa. Idarusi alidhani ni mtu wa Magan. Na nani atamhoji mtu aliyekuja kumwona mgonjwa? Walimpa mkeka, wakampa na sahani, na baada ya mazishi hakuonekana tena.

Idarusi alikitaka chumba hicho kiwe ukumbi wa video, filamu za karate mchana kutwa. Akaupinga wasia. Moyoni alishuku kwamba Magan alimleta yule mtu makusudi, maana mchele wa yatima ungenunuliwa duka gani kama si lake?

Fundi Wesonga ndiye aliyempa la kushuku jingine. Alikuwa akipigilia mabenchi ya ukumbi.

"Bosi, nani amekalia hii?" aliuliza, kiganja juu ya benchi la karibu na mlango. "Iko na moto ya mtu."

"Ni jua."

"Jua gani, na dirisha umefunga?"

Idarusi akagusa. Joto lilikuwa mahali pa mtu mmoja tu. Kwingine mbao zilikuwa baridi. Wesonga alisema misumari imemwishia, akaondoka. Mkebe aliouacha ulikuwa umejaa misumari.

Mchana huo Hikma, mkewe, alimsogelea mezani.

"Baba Zaki, usinicheke. Yule mgeni wa mama nilikuwa nikimpa pilau. Sahani ilirudi safi kila siku."

"Alikuwa na njaa."

"Safi, nakwambia. Bila mifupa."

"Labda alimpa paka."

"Paka gani? Hakuinuka pale mlangoni hata mara moja." Akashusha sauti zaidi. "Na mifupa ya jana niliitia kwenye ndoo ya taka, nikafunika. Haimo."

Idarusi alisema wanawake kwa uzushi hawajambo. Hata hivyo alikwenda kukifunga chumba cha mbele kwa kufuli, na alipokuwa bado anatafuta ufunguo mfukoni, harufu ya udi ilimjia, ule udi aliokuwa akifukiza mama yake kila Ijumaa, ilhali chetezo chenyewe kilikuwa kabatini tangu matanga, na nyuma ya harufu ile, kutoka upande wa benchi la mlangoni, akasikia kitu kinatafunwa, polepole, kwa utulivu wa mtu aliyekaribishwa, kikivunjika kidogo, kikisagwa, kikamezwa, kisha kimya, kisha kingine kikavunjika. Alifunga mlango bila kutazama ndani. Kisha akajiambia kuwa ni panya, na kuwa panya hao, kwa vyovyote, Magan anawajua.

Jumatatu mvua ilinyesha. Ofisini kila mtu alikuwa na tope la Kariobangi mpaka magotini.

"Shahidi nambari mbili!" karani akaita.

Idarusi akatabasamu. Karani akatazama juu ya miwani yake.

"Si huyu hapo ubavuni pako? Kaa, mzee, usisimame."

Ubao wa benchi ukapata joto chini ya paja la Idarusi. Pembeni ya jicho aliiona kanzu, nyeupe, haina tone la tope. Miguuni hakuthubutu kutazama.

"Unaishi wapi, mzee?"

"Kwa huyu," sauti ikajibu.

"Tangu lini?"

"Tangu mama yake akiwa mwari."

Karani aliandika bila kuinua kichwa. Kwake mkaazi wa muda mrefu ndiye mkaazi bora. "Mwenye nyumba athibitishe. Bwana Idarusi, huyu anakaa kwako, hakai?"

Neno lilikuwa moja tu. Hakai, na chumba ni chake. Alifungua kinywa alitamke, na mkono ukamtua gotini, moto kama pasi, na sikioni akasikia meno yakisagana taratibu.

"Anakaa."

"Chumba gani? Maana cha mbele sasa ni cha yatima."

"Cha nyuma," Idarusi akanong'ona. "Chetu."

Karani akagonga muhuri mara mbili, nakala moja ya faili.

Magan, aliyekuwa benchi la nyuma, akamvuta shati. "Idarusi, ndugu yangu, kwani huyu si mjomba wako?"

"Kwani si mtu wako?"

Yatima walianza kupikiwa katika chumba cha mbele mwezi uliofuata, na hakuna kilichowasumbua. Jioni ya Jumatatu ile Hikma alipakua sahani moja zaidi, akaiweka chumba cha nyuma, nayo ikarudi bila mifupa.