Ndugu Zake Gaudensia

Jioni ile Gaudensia alikuwa amebakiza kazi moja tu kabla ya kwenda nyumbani kwake Chemchem: kumwingiza mfanyakazi mpya kwenye mfumo wa mishahara. Mfumo ulikuwa unafungwa saa moja kamili, na ukishafungwa ndiyo basi mpaka mwezi ujao. Wenzake wa ofisini walikuwa wameshaondoka. Upepo wa Julai ulikuwa unaleta harufu ya tumbaku kutoka ghalani, ile harufu nzito inayokaa kwenye nguo hata uzifue mara tatu.

Mfanyakazi mpya alikaa mbele yake akitabasamu kama bwana harusi. Jina lake Deus. Alikuwa mdogo wake Gaudensia, mama mmoja, baba mbalimbali. Mama alipofariki, Deus alikuwa na miaka minne, na Gaudensia alimbeba mgongoni mpaka majirani wakadhani ni mwanawe. Deus hakuwa na mtu mwingine duniani.

"Bosi hataki undugu kazini," alimwonya kwa sauti ya chini. "Akikuuliza, wewe ni kijana wa Puge, umekuja kutafuta kibarua. Hunijui, sikujui."

"Sawa, dada."

"Na hiyo 'dada' iache hapo hapo."

Bosi ndiye Masolwa, mwenye ghala. Asubuhi ile Gaudensia alikuwa amemwombea kijana kazi, na ili mambo yaende akaongeza uongo kidogo: kijana ametoka Puge peke yake, hana watu. Masolwa, ambaye kwa kawaida humzungusha mtu wiki nzima, alikubali papo hapo. Gaudensia akaona ni bahati.

Akaandika jina. Akaandika tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Deus akaweka kidole gumba kwenye mashine ya alama za vidole, taa ya kijani ikawaka. Kikabaki kisanduku cha mwisho: ndugu wa karibu, jina na namba ya simu.

Hapa lazima nimseme Gaudensia, hata kama namhurumia. Vibarua wengi wa msimu walitoka Bukene na vijiji vya huko, na nusu yao hawakuwa na namba ya mtu wa kumtaja. Mama hana simu, mjomba kabadilisha laini, kaka yuko machungani. Mfumo nao una kiburi, usipojaza kisanduku kile hauhifadhi kitu. Karani mwingine angetuma ujumbe kijijini, angeuliza, angengoja siku mbili. Gaudensia alikuwa anajaza jina lake na namba yake mwenyewe, kazi inakwisha. Mara ya kwanza alisita. Mara ya tatu hakusita tena. Masolwa, ambaye fomu ya kila mgeni ilimfikia kwenye simu yake, aliwahi hata kumtania: "Gau, wewe una ndugu wengi kuliko watemi wote wa Unyanyembe!" Wakacheka pamoja.

Basi jioni ile vidole viliandika vyenyewe. Ndugu wa karibu: Gaudensia. Namba: ileile. Safari hii tu, kati ya zote, ilikuwa kweli.

Akabonyeza kuhifadhi. Haikupita dakika, ujumbe wa Masolwa ukaingia: *Mwambie aje ghalani achukue buti na ovaroli. Sasa hivi. Peke yake.*

Deus alitoka nusura aruke. Gaudensia alimsikia akipiga mluzi uani, akielekea ghala kubwa, lile lililojengwa kando ya njia ya zamani ya misafara, mahali ambapo wapagazi walikuwa wanatua pembe za ndovu na kulala kabla ya kuelekea pwani. Mluzi ukafifia.

Kisha mlango ukagongwa.

Mara moja tu. Chini... karibu na sakafu.

"Ingia."

Aliingia mwanamume aliyeinamisha uso. Bega lake la kulia lilikuwa limevimba nundu, kama la mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote. Na alinuka. Tumbaku iliyovunda, na chini yake udongo mbichi.

"Ndugu yangu," akanong'ona. "Niangalie kwenye mashine."

"Kaka, muda umekwisha. Njoo kesho na barua yako."

Mtu yule alinyoosha mkono, akaweka kidole gumba kwenye mashine. Gaudensia aliona ukucha mweusi na udongo umejaa mikunjoni. Taa ikawaka nyekundu. Kwenye kioo cha kompyuta yakajitokeza maandishi: *Mtu huyu tayari yumo. Lugembe, Bukene. Hali: Amefariki.*

Picha ilikuwepo. Kijana mwenye mwanya, anacheka.

Gaudensia alimkumbuka. Msimu uliopita, robota la tumbaku lilimwangukia, ndivyo walivyoambiwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyebofya neno *Amefariki*, kikombe cha chai mkononi. Kanuni ilitaka apige simu kwa ndugu wa karibu. Alipoona namba ni yake, akaona aibu, akanyamaza. Masolwa akasema atashughulikia mazishi. Na kabla ya Lugembe kulikuwa na mwingine, na kabla ya huyo mwingine tena. Kila msimu mmoja. Wote namba ileile.

"Robota halikuniangukia," mtu yule alisema.

Akainua uso.

Chini ya taya palikuwa na tundu. Jeusi, la mviringo, linaloingia kidole. Gaudensia alikuwa anaijua kulabu ya chuma ya kuvutia marobota, na alijua ncha yake ina unene gani. Mkojo ukamtoka, hakuuona.

"Masolwa anataka asiye na wa kumlilia," Lugembe alisema, na kila neno lilitoka na pumzi mbili, moja mdomoni na moja tunduni. "Tangu enzi za misafara walifanya hivyohivyo. Mpagazi mwenye watu, ukimuua atatafutwa. Asiye na mtu, unamtumikisha hata akifa. Tuko watatu mle ndani. Tunabeba. Hatulali. Mama yangu Bukene mpaka leo ananiwekea chakula." Akaelekeza kidole kwenye kompyuta. "Anatujua kwa namba yako. Akiiona hiyo namba, anajua huyu hana mtu."

Gaudensia aliangalia fomu ya Deus.

Namba yake.

Hakumbuki alivyotoka. Anachokumbuka ni kiatu kimoja kilichobaki uani. Mlango wa ghala ulikuwa umerudishwa tu. Aliusukuma kwa bega.

Ndani palikuwa na taa moja, na marobota yamepangwa mpaka kwenye paa. Deus alikuwa chini, kifudifudi, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Sikio moja lilikuwa limechanika na damu imemwagika shingoni. Masolwa, mzee wa kanisani, mwenye kofia yake safi ya kila siku, alikuwa amempigia goti mgongoni. Kulabu ilikuwa mkononi.

"Muache!" Gaudensia alipiga kelele. "Ni ndugu yangu! Masolwa, ni mdogo wangu wa damu!"

Masolwa alimtazama bila hasira yoyote.

"Wote ni ndugu zako, Gau," akasema. "Umeandika mwenyewe."

Gaudensia alimrukia. Alimng'ata mkono mpaka meno yakagusa mfupa, akapigwa kiwiko cha pua, akaona nyota, akarudi tena. Masolwa akamshika nywele akambamiza kichwa kwenye robota, mara mbili, mara tatu. Kisha akamtupa kando, akainama, akamvuta Deus kidevu.

Deus alisema neno moja. "Dada..."

Kulabu ikaingia.

Sauti ya kulabu ilikuwa ndogo. Kama mtu anayetoboa boga.

Lugembe alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma ya marobota walitokea wengine wawili, mabega yao yana nundu, macho yao hayapepesi. Walisimama tu. Hawakuwa na ruhusa ya kumgusa bwana wao.

"Msaidieni!" Gaudensia alilia, damu ikimjaa mdomoni. "Lugembe, nakuomba!"

"Mtu aliyefia safarini hupokewa na nduguye," Lugembe alisema taratibu. "Aitwe jina, aambiwe karibu nyumbani. Asipopokewa anabaki njiani, na anayemkuta anamfanya wake. Nipokee, ndugu yangu. Hapo ndipo nitakuwa wako, siyo wake."

Masolwa alielewa kabla Gaudensia hajaelewa. Aliiachia shingo ya Deus, akanyanyuka. "Gau, usiseme hilo neno! Hujui unachokaribisha!"

Gaudensia alikuwa anaona damu ya Deus inavyotoka, kwa mapigo. Yale mapigo yalikuwa yanapungua. Kwa hiyo alisema. Nani asingesema?

"Nimekupokea, Lugembe. Karibu nyumbani."

Taa ikazimika.

Gizani alimsikia Masolwa akiomba kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyamwezi, kisha bila lugha. Alisikia nguo ikichanika, kisha kitu kinene kuliko nguo. Kitu cha moto kilimrukia usoni. Robota moja lilianguka, na la pili, na la tatu, mtetemo ukampanda miguuni. Halafu kimya. Halafu mtu akapumua karibu naye, kwa pumzi moja tu, nzima.

Taa iliporudi, Deus alikuwa amekaa. Kamba imekatika, shingo ina kovu kavu kama la mwaka jana. Lugembe na wale wawili hawakuwepo. Masolwa alikuwa chini ya marobota, na sehemu iliyokuwa nje Gaudensia hajawahi kumweleza mtu.

Alimkumbatia mdogo wake mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Polisi walikuja, wakatazama, wakaandika kwamba marobota yalianguka. Kulabu waliitafuta, hawakuiona.

Siku tatu Gaudensia alimuuguza Deus nyumbani, na siku tatu alijilazimisha kutoona. Deus alikuwa anarudisha mboga akisema imezidi chumvi, mpaka akapikiwa bila chumvi kabisa. Ndoo ya maji, ambayo siku zote aliibeba mkononi, sasa aliiweka bega la kulia. Mluzi hakupiga tena. Aliuliza mara mbili nauli ya treni ya kwenda Bukene ni kiasi gani. Na "dada" hakumwita hata mara moja.

"Umechoka, ndugu yangu," alikuwa anasema. "Kaa nikusaidie."

Siku ya nne Gaudensia alirudi kazini. Alishinda akipiga simu kwa watendaji wa vijiji, mmoja baada ya mwingine, akitafuta watu wa wale marehemu watatu ili awaambie ukweli. Miaka yote ile alikwepa kazi ya siku moja au mbili. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kibodi na hakuyafuta. Jioni ikaingia, wenzake wakaondoka.

Mlango ukagongwa.

Mara moja. Chini... karibu na sakafu.

Harufu iliingia kwanza. Tumbaku iliyovunda, udongo mbichi. Kisha akaingia mtu aliyeinama, mwenye nundu begani na tundu chini ya taya. Mwanya uleule wa kwenye picha.

"Lugembe?" Gaudensia alinong'ona, akirudi nyuma mpaka ukutani. "Nilikupokea. Unataka nini tena?"

Mtu yule alitikisa kichwa. Alijaribu kusema, pumzi ikavujia tunduni. Akaisogelea meza akiburuza miguu, akaweka kidole gumba kwenye mashine, kile cha ukucha mweusi.

Taa ikawaka.

Kijani.

*Deus, Puge. Hali: Yupo kazini.*

"Dada," akasema. Alikuwa analia, na machozi yalikuwa na udongo. "Nilikuita, ukamwitikia yeye. Huku ni baridi, dada. Nipokee."

Simu ya Gaudensia ikaita juu ya meza. Aliipokea bila kujua kama ameipokea. Ilikuwa sauti ya Deus, ile nzuri ya kiume, kutoka nyumbani Chemchem.

"Ndugu yangu, unachelewa. Chakula kinapoa."

Gaudensia alikuwa anamtazama aliyesimama mbele yake, aliyenyoosha mikono yote miwili kama alivyokuwa akinyoosha alipokuwa na miaka minne, akitaka kubebwa. Aliogopa. Lakini alimpenda kuliko alivyoogopa.

"Nimekupokea, Deus," alisema. "Karibu nyumbani."



"Nyumbani nipo mimi," sauti ya kwenye simu ikasema taratibu. "Mwambie aningoje hapo hapo. Nakuja."

Na kabla haijakatika, Gaudensia alisikia chuma kikiburuzwa sakafuni kule nyumbani kwake, kuelekea mlangoni.