Tufe Lisilo na Eneo

Saa tatu na robo asubuhi, mashine ya fotokopi iliyo mkabala na lango la chuo ilitema ukurasa wenye mchoro wa tufe. Mwalimu wa fizikia aliutambua mchoro kabla ya kumtambua aliyesimama kando ya mashine: shati jeupe, mikono imekunjwa, vumbi la chaki kwenye suruali nyeusi. Mwanahisabati. Mchumba wake mpaka jana jioni.

"Zima hiyo mashine," alimwambia mwenye duka.

"Dada, kazi ni ya huyu kaka."

"Nusu yake ni yangu. Zima!"

Foleni ya wanafunzi ikanyamaza ili isikie vizuri.

Ukurasa huo ulikuwa wa mwongozo wa mbinu za hisabati kwa wanafunzi wapya wa fizikia, waliouandika pamoja. Wanafizikia huita theta, kwa herufi ya Kigiriki, pembe inayoshuka kutoka kileleni mwa tufe. Wanahisabati wengi huita hivyo ile inayozunguka kiuno chake. Walikubaliana kufuata fizikia. Kisha mwanahisabati, bila kumwambia mwenzake, akabadilisha herufi katika sura ya tatu na kuiacha ya tano kama ilivyokuwa. Kwenye jaribio wanafunzi wakazichanganya sura hizo, na darasa zima likapata jibu moja: eneo la uso wa tufe ni sifuri. Aliyeitwa na mkuu wa idara kujieleza ni mwalimu wa fizikia.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Mpenzi wa nani? Mpenzi wako hajui herufi."

"Nilidhani umepitiwa. Nikarekebisha nikusitiri."

"Ulidhani! Wewe usiyeamini hata moja na moja mpaka uthibitishiwe! Kwangu mimi dhana ikatosha?"

Mwanahisabati aliuchomoa ukurasa kwenye mashine, akaukunja.

"Mama yangu mkubwa hajalala," alisema. "Anasema umempigia simu kuvunja uchumba."

"Nimevunja. Siwezi kuishi na mtu anayenisahihisha nikimpa kisogo. Leo herufi, kesho nini?"

"Nifanye nini?"

"Darasa linasubiri maelezo. Mimi leo sina sauti."

Walivuka barabara bila kusemezana. Ubaoni mwanahisabati alichora pembe zote mbili, akaonyesha hatua kwa hatua sifuri ilikotoka, akasema kosa ni lake peke yake. Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo, mwalimu, tufe lina eneo?"

"Lina, tena vile vile alivyoandika mwenzangu. Kilichokosekana ni adabu yangu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wa fizikia, aliyesimama mlangoni, hakucheka.

Kwenye korido simu ya mwanahisabati ikalia. Akaitazama, akababaika. Mwalimu wa fizikia akaipokonya.

"Shikamoo, mama mkubwa. Ndiyo, ni mimi... La, sijatulia, nina hasira mpaka kwenye kucha... Amekiri, tena mbele za watu... Ndiyo, mama. Harusi ipo."

Akamrudishia simu, akaingia ofisini kwake na kuubamiza mlango.

Mwanahisabati akabisha hodi, akangoja.