Picha Mbili za Darasa la Tatu

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapita, Corinne Pettway aliketi mezani na mdogo wake Lamont na kumsikiliza akisoma ukurasa mmoja. Haikuwa kazi ndogo. Lamont alikuwa na miaka minane, na maneno yalimpiga chenga. Lakini mwaka uliopita hakuweza hata mstari. Waliomfikisha hapo ni dada yake na mwalimu maalumu wa shule ya mtaa, aliyekaa naye nusu saa kila siku.

"Leo umekwama mara nne tu," Corinne alisema.

"Tatu. Ile nyingine nilikuwa napiga chafya."

Mama yao, Rochelle, alicheka huku akiwapakulia mayai na uji mzito wa mahindi. Kisha akaweka mezani karatasi ya rangi. Lilikuwa tangazo la Vinara wa Kesho, shule ya mkataba iliyokuwa upande wa pili wa Detroit. Shule kama hiyo hulipiwa na serikali lakini huendeshwa na kampuni, na mzazi hatoi karo. Tangazo liliahidi sare na kishikwambi kwa kila mtoto, mradi aandikishwe kabla ya Jumatano ya kwanza ya Oktoba.

Corinne hakuipenda hiyo "mradi". Kitu cha bure chenye haraka kilimtia shaka sikuzote, na safari hii aliyetakiwa kuhamishwa ni Lamont.

Alhamisi walikwenda kuitazama shule. Mkuu wake, Bwana Whitcomb, aliwapokea mlangoni kwa tabasamu pana. Alimvika mama kilemba cha ukoka tangu ngazi ya kwanza: mzazi makini, mzazi mwenye maono. Mama alinyooka kwa furaha. Corinne alibaki nyuma ukumbini, mbele ya picha mbili. Moja iliandikwa "Darasa la Tatu, Oktoba", nyingine "Darasa la Tatu, Juni". Alihesabu vichwa, akarudia. Oktoba walikuwa ishirini na wanane. Juni walikuwa kumi na saba.

"Samahani, bwana," aliuliza, "hawa kumi na mmoja walikwenda wapi?"

"Familia huhama, binti," Bwana Whitcomb alijibu bila kuzitazama picha. "Twendeni maabara."

Mama alimfinya mkono. Walipofika nje alimkata jicho. "Umenitia aibu. Mtu anatupa nafasi, wewe unamhoji kama askari."

"Mama, darasa zima linahamaje?"

"Basi, Corinne. Nimesema basi."

Usiku ule mama alitia sahihi fomu na kumkabidhi Corinne aiposti asubuhi. Asubuhi Corinne alipita sanduku la posta pasipo kusimama, akaichomeka fomu katikati ya daftari lake la hesabu. Jioni mama alipouliza, alijibu, "Nimeshaiposti." Kisha akamsogezea Lamont mkate wake wa mahindi.

Jumatatu jioni Corinne alikuwa kwa jirani yao, Bi Odessa, akisukwa nywele barazani, mama yake akiwa kando yao. Bi Odessa alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Simu ya mama ililia. Mama alisikiliza, uso ukabadilika.

"Vinara wanasema fomu haijafika. Corinne?"

Corinne alitaka kusingizia posta, akashindwa. "Iko kwenye daftari langu. Sikuiposti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama. Ukanifinya."

Bi Odessa aliacha kusuka. Alimtaka Corinne aeleze, akaeleza habari ya picha zote mbili. Bibi yule alivuta pumzi. "Rochelle, Jumatano hii ndiyo siku ya kuhesabu wanafunzi. Mtoto aliyekaa kwenye kiti siku hiyo, shule inapewa sehemu kubwa ya pesa yake ya mwaka, hata akiondoka baadaye. Wengine wanaandaa hadi piza ili watoto wafurike. Sisemi hawa ni wabaya. Zipo shule za mkataba nzuri sana. Nasema umeangalia sare, hujaangalia nani atamfundisha Lamont kusoma."

"Alisema watamsaidia."

"Nani? Ana jina?"

Mama alimtuma Corinne akalete lile daftari. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda Vinara na Corinne, fomu mkononi.

"Mwalimu wa kumsaidia mwanangu kusoma ni nani?" alimuuliza Bwana Whitcomb. "Naomba nimwone."

"Tupo mbioni kumpata. Wewe mlete kesho tu, mama. Mengine tutayazungumza wiki ijayo."

"Kwa nini asije wiki ijayo, tukishayazungumza?"

Bwana Whitcomb alirekebisha tai. "Nafasi yake haitakuwepo. Na ikionekana haendani na kasi yetu, tutakusaidia kumtafutia shule inayowafaa watoto wa namna yake."

"Wale kumi na mmoja nao mliwatafutia?"

Mkuu alianza kueleza habari za viwango. Mama alichana fomu mara mbili, akaiacha mezani.

Jumatano Lamont alihesabiwa katika shule yake ya zamani, na nusu saa yake ya kusoma ikabaki palepale. Corinne alidhani jioni ile atasifiwa. Mama alimketisha karibu naye, wakichambua mboga.

"Macho yako yaliona nisichotaka kukiona, nami nilifanya kosa kukunyamazisha. Kabla ya kuchagua shule ilinipasa kuuliza kama wewe. Lakini sikia. Je, kama shule ile ingekuwa nzuri? Ungekuwa umempokonya mdogo wako kiti kimyakimya, na nisingejua kamwe."

Corinne aliinama. "Niliogopa hutanisikiliza."

"Ukishuku, useme. Nikikataa, sema tena, mwite na Bi Odessa. Yule bwana alinificha habari za watoto kumi na mmoja. Wewe ulinificha karatasi moja. Wote wawili mlinichagulia nisijue."

Corinne alilia, kwani maneno yale yalimwuma kuliko adhabu.

"Nisamehe, mama. Sitakuficha tena."

"Nimekusamehe," mama alisema. "Sasa niambie na hili: siku tatu zile, ulikuwa unalala?"

"Hapana," Corinne alisema, na huo ulikuwa ukweli.