Chini ya Tumbo la Gari Jekundu

Hakuna gari lililowahi kumponyoka Chepkemoi katika vilima vya chai, kuanzia Londiani hadi Bomet. Hata moja.

Haya, moja. Lilimponyoka mchana kweupe pale Sotik, akiwa amesimama karibu kuligusa, mdomo umejaa mahindi ya kuchoma.

Lilikuwa Mazda MX-5. Jekundu. Paa lake la kukunja lilikuwa limefunuliwa nyuma kama kofia ya mlevi. Huku mvua hunyesha karibu kila alasiri. Anayefunua paa ama ni mgeni, ama anataka watu waone hana cha kuficha.

Dereva huyu, Omariba, hakuwa mgeni.

Chepkemoi alitupa gunzi, akarukia Probox ya ofisi na kubonyeza redio.

"Jiko, hapa Sufuria. Amenipita."

"Amekupita ukifanya nini?"

"Upelelezi."

"Nasikia ukitafuna."

Huyo alikuwa Amolo, mkubwa wake, mtu wa kutoka kando ya ziwa, mwenye masikio marefu kuliko mnara wa simu. Ndiye aliyemtumia amri asubuhi ile, imevikwa mambo ya nyumbani kama kawaida: *Mama anataka mboga zake kabla hazijapikwa.*

Mboga zenyewe zilikuwa vipandikizi vya chai mpya, vilivyoibwa kwenye bustani ya utafiti. Chai isiyoungua kwa baridi. Ilikuwa itolewe kwa wakulima wadogo, wale wanaoamka Julai na kukuta shamba limegeuka rangi ya ugoro. Mnunuzi, mgeni aliyejiita Bwana Falk, alikuwa akingoja hotelini Kericho mjini. Akivipata, ataviandikisha kwao kuwa ni mali yake, halafu mkulima wa Bomet atauziwa mche uliozaliwa nyumbani kwake.

Polisi walilisimamisha gari lile nje kidogo ya Sotik, wakisingizia bima. Walipoiangalia, kumbe bima ilikuwa imekwisha kweli. Omariba akaketishwa kituoni, akapewa chai na mandazi, akaachiwa simu ili amwambie Falk amechelewa kwa mambo ya karatasi.

Chepkemoi akalipekua gari. Viti. Buti. Gurudumu la akiba. Akapitisha kamera ndogo, nyembamba kama mrija wa soda, ndani ya kila tundu.

Hakuna kitu.

"Sufuria, Falk hatangoja hadi usiku."

"Naenda kwa fundi ninayemwamini."

Fundi huyo alikuwa Gibson wa Chepilat, mjomba wake, ndugu wa mama yake. Mama alipofariki, Gibson ndiye aliyemchukua, akamlea pamoja na mwanawe Kiptum, wakila sahani moja na kupigwa kwa mwiko mmoja. Maisha yake yote mzee alikuwa akitengeneza malori ya kubeba majani ya chai. Gereji yake ni mabati, shimo la kusimama chini ya gari, na mbwa asiyebweka kwa sababu amezoea kelele.

"Chamgei, Mjomba."

"Chamgei mising. Umekonda. Huko kwa serikali hawapiki?"

Akamweleza alichoweza kumweleza. Akamwuliza kama amewahi kuliona gari hili. Mzee akalitazama kwa mbali, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Gari ya matajiri hii. Nitaionea wapi?"

Chepkemoi, aliyekuwa ameliendesha hadi hapo akiingia na kutoka kwa kuruka juu ya mlango, sasa akaufungua mlango wa dereva atoe kamera yake. Mlango ukakwaruza chini kwa sauti ya kusaga meno. Akajaribu kuufunga. Ukagoma.

"Usiusukume," mjomba akasema, amempa mgongo, akitafuta tochi. "Uinue kidogo ndio ufunge."

Akauinua kidogo.

Ukafunga.

Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati. Mzee alisimama na tochi mkononi, hakugeuka. Chepkemoi alihisi kile kitu kinachohisiwa na mtoto anapokuta mlango wa nyumbani uko wazi na hakuna mtu ndani.

"Umejuaje, Mjomba?"

Mzee alianza na gari, maana la moyoni lilikuwa zito kulianza. Gari lisilo na paa, alisema, halina mgongo. Kwa hiyo waliolitengeneza waliliwekea bresi, vyuma vya bomba vilivyopishana chini ya tumbo lake, vilishike lisipinde. Juzi shimo la gereji lilikuwa limejaa maji ya mvua. Akalipigia jeki katikati, jinsi anavyoinua lori la majani. Lori ukiliinua hivyo halisemi kitu. Hili alipolifungua bresi likiwa hewani, likalegea kama ng'ombe anayelala, naye akaikaza likiwa limelegea vile vile. Tangu hapo milango imeharibika.

"Na ndani ya mabomba uliweka nini?"

"Unajua nilichoweka."

Kisha akasema la Kiptum. Kiptum alikwenda nchi za Ghuba kuendesha lori, mwajiri akamnyang'anya pasipoti, na sasa kwa simu anaongea kwa kunong'ona. Chepkemoi alijua hayo. Alikuwa ameahidi kuuliza ofisini. Aliuliza, akaambiwa jambo linashughulikiwa, akaacha hapo. Falk hakusema linashughulikiwa. Falk alisema anamjua mwenye kampuni, na siku vipandikizi vitakapofika mkononi mwake, kijana atapanda ndege.

"Wewe uliniambia nivumilie," mzee akasema. "Yeye alinitajia siku."

Redio kiunoni mwake ikakohoa.

"Sufuria, mboga?"

Chepkemoi aliitazama ile redio kama mtu anayetazama nyoka kwenye kitanda cha mtoto.

"Nimezipata. Tunazitoa, halafu gari lirudi kama lilivyokuwa. Falk akamatwe akizishika mwenyewe."

Safari hii shimo lilikuwa kavu. Gari likasimama juu yake kwa magurudumu yote manne, uzito wake wote chini, kama inavyotakiwa. Gibson akaingia. Alilegeza bolti moja kidogo, akaenda ya upande wa pili kwa mshazari, akarudi, bila kuitoa hata moja kabla zote hazijalegea. Bresi ikateremka mikononi mwake kama kitu kilicholala.

Ndani ya mabomba, vipandikizi vilikuwa vimefungwa kwa kitambaa kilicholowa maji na plastiki. Bado kijani. Mzee alikuwa amevilinda na joto la ekzosi kwa kipande cha blanketi, na Chepkemoi alilitambua blanketi lile. Lilikuwa la Kiptum.

Wakaacha viwili vya kweli, vya ushahidi. Mahali pa vingine wakaweka vijiti vya chai ya Gibson mwenyewe, ile iliyoungua Julai. Mzee alikwenda kuvikata kwenye mvua bila koti.

Kisha akairudisha bresi. Kila bolti aliianza kwa vidole, zote zikakaa, ndipo akazikaza kwa mshazari. Alijaribu mlango. Ukafunga kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema ndiyo.

"Na Kiptum?" akauliza.

"Sijui, Mjomba."

Chepkemoi alingoja mzee amlaani. Mjomba wa upande wa mama ana uwezo huo, na wasomi wa chuo kikuu cha Kabianga wanaocheka mambo hayo huwacheka wakiwa mbali na wajomba zao. Gibson alimsogelea. Akamtemea mate kidogo kifuani, vile wazee wanavyobariki, akarudi kukusanya spana zake.

Laana ingekuwa nafuu.

Omariba alirudishiwa ufunguo pamoja na onyo. Alifunga mlango, akashangaa haukwaruzi, akadhani polisi wameupaka mafuta. Aliwaaga vizuri sana.

Litein. Kapsoit. Kericho.

Probox ilimfuata nyuma ya lori la majani, taa zimezimwa. Uani mwa hoteli Falk alitandika turubai na kujilaza chini ya gari yeye mwenyewe, mashine ya Bosch ya kufungulia bolti ikilia mkononi, bastola ya Glock kando ya kiwiko. Hakutaka fundi aone. Bresi ilianguka. Akatoa kipandikizi cha kwanza, akakibusu.

Kilikuwa cha Gibson.

Cha pili alichokishika kilikuwa cha kweli, na hapo ndipo kiatu cha Chepkemoi kilipoikanyaga Glock.

"Chai ya jioni, Bwana Falk. Usinyanyuke, utagonga kichwa."

Falk alisema anajua watu. Alisema simu moja inatosha. Chepkemoi alisikia hayo ya simu moja, akamkumbuka Kiptum. Halafu akawaachia polisi, akavaa miwani ya jua kwenye mvua, akaondoka akitembea taratibu kama mwenye shamba.

Amolo alikuwa ameketi kwenye ngazi za hoteli, ameshateremka na helikopta. Alimpa kikombe cha chai. Akamsifu, naye husifu mara chache kama anavyooga maji baridi. Vipandikizi vilikuwa salama. Mkubwa wa wakubwa alikuwa amefurahi. Sasa lilibaki jambo dogo la ripoti: aliyevifunga ndani ya bresi.

"Fundi wa Omariba, huko alikotoka," alisema Chepkemoi. "Omariba hamjui jina. Hata mimi sikumpata."

"Na leo? Nani ameifungua na kuirudisha?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu, Mkubwa. Chini ya gari, kwenye matope."

Amolo alinywa chai yake yote kwanza. Kisha akanyoosha kiganja, kama mtu anayeomba chumvi.

"Hebu mikono."

Akampa. Aliigeuza juu, akaigeuza chini, kama mama anayemkagua mtoto kabla ya kula. Hakuna grisi. Hakuna mchubuko. Kucha zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu ya jana, na hakuna hata moja iliyobanduka.

"Chepkemoi," akasema polepole, akiacha jina la redio. "Huyo fundi ni nani wako?"

Chepkemoi alifungua mdomo. Chozi likatoka kabla ya neno.